Macho ya mtoto njiti hayasubiri chanjo ya wiki ya 6

Mhadhara wa daktari wa macho uliotolewa tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani, mbele ya wauguzi, wakunga na wazazi

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, habari za asubuhi. Mratibu ameniomba mambo mawili: nisizidishe nusu saa, na nisiseme maneno ya kitabibu. La pili nitajitahidi.

Nianze na kadi ya kliniki. Kina mama mnaijua kuliko mimi. Ukiifungua unakuta chanjo ya kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14. Mama anaweza kusahau siku aliyoolewa, lakini wiki ya 6 haisahau. Sasa, kwa mtoto aliyezaliwa na kilo moja na robo, iko tarehe nyingine inayoitangulia hiyo, na katika kadi nyingi ninazozishika hakuna mtu aliyeiandika. Ni wiki ya 4, siku ya kupimwa macho. Hilo ndilo lililonileta hapa. Mengine nitakayosema ni kulizunguka hilo hilo.

Miaka kadhaa nyuma mama mmoja aliniletea pacha, Kulwa na Doto, umri miezi mitano. Walizaliwa mimba ikiwa na wiki 29. Wodi iliwapigania wiki nyingi, wakaruhusiwa wakiwa wamenona, wauguzi wakapiga nao picha. Nyumbani mama akaona hawamfuati kwa macho anapowachekea. Jirani akamwambia njiti huchelewa kila kitu, vumilia. Akavumilia. Nilipommulika Kulwa nikaona weupe nyuma ya mboni. Nikamgeukia Doto, weupe. Macho manne, retina zote zimebanduka.

Mama hakulia. Aliniuliza, "Daktari, nilitakiwa nije lini?" Nikamwambia, wiki ya 4. Akafungua mkoba, akatoa kadi, akaiweka mezani mbele yangu. Tarehe zote zilizoandikwa mle alikuwa amehudhuria. Hakukosa hata moja.

Basi tuingie ndani ya jicho tuone nini kilitokea. Retina ni ule utando wa nyuma unaopokea picha, tuseme ukuta wa sinema. Nao unahitaji damu. Mishipa ya damu huanza kuota pale katikati, mimba ikiwa na wiki 16 hivi, ikatambaa pole pole kwenda pembeni. Upande wa puani hufika mwisho karibu na wiki ya 36. Upande wa sikioni hufika wiki ya 40, wakati mtoto alipaswa ndiyo anazaliwa. Kwa hiyo anayezaliwa wiki ya 28 anatoka na kazi nusu.

Chukulieni mfano wa mji unaopanuka na mafundi wa bomba. Mafundi wanaanzia katikati ya mji, halafu wanachimba kufuata makelele: mtaa usio na maji unapiga kelele, wao wanaelekea huko. Tumboni oksijeni ni ndogo, kwa hiyo makelele ni ya kiasi na kazi inakwenda kwa utaratibu. Mtoto akizaliwa mapema na kumwagiwa oksijeni nyingi, ni kana kwamba mvua imenyesha mji mzima. Mitaa inanyamaza. Mafundi wanatua majembe, na mabomba mapya mengine yanakufa. Wiki chache baadaye mvua inakatika, retina nayo imekua, na sasa ina kiu ya kweli. Safari hii si kelele, ni fujo. Mishipa inachipuka ovyo, inavuja damu, inageuka kovu. Kovu husinyaa. Likisinyaa linaivuta retina, na retina inabanduka.

Wakati hayo yote yanaendelea, jicho kwa nje ni zuri kabisa. Halina tongotongo, si jekundu, halitoi machozi. Ndiyo maana namwambia kila muuguzi asisubiri kuona dalili. Ukiiona dalili, umeshachelewa.

Ugonjwa huu wa retina ya mtoto njiti, ambao madaktari huuita kwa kifupi ROP, una historia inayotuhusu. Mwaka 1942, mjini Boston, daktari Theodore Terry aliandika juu ya vichanga njiti wenye weupe nyuma ya mboni. Kwa miaka kumi na zaidi baada ya hapo watoto wapatao 10,000 duniani walipofuka, na cha ajabu wengi walitoka katika hospitali zenye vifaa bora. Hospitali maskini, zisizo na inkubeta nzuri, zilikuwa na vipofu wachache. Mwaka 1951 daktari mmoja mwanamke wa Melbourne, Kate Campbell, aliandika kwamba huenda ni oksijeni yenyewe. Huko Washington, Arnall Patz alikuwa akilijaribu jambo hilo hilo kwa kuwapunguzia baadhi ya watoto oksijeni, na inasimuliwa kwamba wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wakiifungua tena kimya kimya, maana waliona daktari anataka kuua watoto. Mnacheka, lakini nawauliza wauguzi mlioko hapa: ungekuwa wewe, saa nane za usiku, usingeifungua? Ningeifungua hata mimi.

Jaribio kubwa la hospitali 18 za Marekani, lililoanza 1953, likathibitisha. Stevie Wonder, yule mwanamuziki kipofu mnayemjua, alizaliwa 1950, wiki sita kabla ya wakati wake. Ni wa kizazi hicho.

Sehemu inayofuata ya historia haisimuliwi sana. Baada ya jaribio lile madaktari waliogopa oksijeni, wakaibana. Upofu ukashuka, vifo vikapanda. Mwaka 1973 Mwingereza Kenneth Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto mmoja aliyenusurika upofu, 16 hivi walikufa. Kumi na sita. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akaenda kusema daktari wa macho amekataza oksijeni. Oksijeni ni dawa, na dawa ina dozi. Mwaka 2010 Wamarekani walitoa matokeo ya utafiti wa watoto 1,316 waliozaliwa kati ya wiki 24 na 27. Kundi moja lilishikiliwa kwenye asilimia 85 hadi 89 ya oksijeni kwenye damu, jingine 91 hadi 95. Kundi la chini lilikuwa na ugonjwa mkali wa macho nusu ya lile jingine, lakini lilikuwa na vifo vingi zaidi. Ndiyo maana leo tunalenga 90 hadi 95. Kipimo kikisoma 100 na mtoto yuko kwenye oksijeni, usifurahi. Punguza. Weka kengele ya mashine ilie juu ikizidi, si chini peke yake. Na kwa wakubwa wa hospitali walioketi mbele hapa: mashine inayotoa oksijeni tupu, bila kifaa cha kuichanganya na hewa ya kawaida, inamlazimisha muuguzi achague kati ya yote na hakuna. Hilo si kosa la muuguzi.

Kuna mzee aliwahi kuniuliza, mbona zamani hatukuusikia ugonjwa huu? Nilimjibu: zamani, mzee wangu, mtoto wa kilo moja tulikuwa tunamzika. Leo tunambeba kifuani kwa kangaruu, tunampa hewa ya kusukuma, anaishi. Ugonjwa umekuja kwa sababu tumefanikiwa. Amerika ya Kusini, Ulaya ya Mashariki na Asia walipita njia hiyo hiyo kabla yetu.

Nani apimwe? Marekani wanaanzia wiki 30 kushuka chini, au gramu 1,500 kushuka chini. Tukinakili hivyo tutawaacha wengi, kwa sababu pale ambapo oksijeni haidhibitiwi vizuri ugonjwa huwapata hata watoto wakubwa kidogo. India wanapima chini ya wiki 34 au chini ya kilo 2. Mimi nafuata Wahindi, na mtoto aliyeugua sana namwongeza hata kama kazidi kilo hizo. Afadhali nipime kumi wazima kuliko kumkosa mgonjwa mmoja.

Kipimo chenyewe, kina mama, kinatisha kukitazama. Tunatia matone ya kupanua mboni, tunasubiri kama nusu saa, halafu tunazuia kope kwa kibano kidogo na kumulika kwa taa ya kichwani, kama ile ya wachimba madini. Mtoto atalia. Tunampa sukari kidogo ulimini, mama anamshika mkono. Kazi yote ni dakika chache. Wengi nikishapima nasema tu rudi baada ya wiki mbili, kwa kuwa ugonjwa mwepesi mara nyingi hurudi nyuma wenyewe. Usikate tamaa ukisikia upo. Ila usiache kurudi, maana hatari kubwa huja mtoto anapofikisha wiki 36 hadi 38, ukihesabu tangu mimba ilipoanza, na hapo mara nyingi mko nyumbani, mtoto ananyonya vizuri, kila mtu anampongeza mama.

Akihitaji tiba, tuna siku mbili au tatu. Si wiki mbili, si hadi nauli ipatikane mwisho wa mwezi. Leza inachoma ile mitaa ya pembeni isiyofikiwa na bomba ili inyamaze. Ndiyo, tunaipoteza, na mtoto anaweza kupungukiwa uoni wa pembeni, lakini tunaiokoa katikati ya mji. Au tunachoma sindano ndani ya jicho, dawa ya bevacizumab, ambayo kwanza ilitengenezwa kwa saratani ya utumbo mpana. Yenyewe inaizima ile kelele moja kwa moja. Ni nzuri na ni ya haraka. Tatizo lake ni kwamba kelele yaweza kurudi wiki nyingi baadaye, kwa hiyo nikijua mama anakaa mbali na hatarudi, naogopa kuichoma sindano peke yake. Retina ikishabanduka yote, tunaweza kupasua hata kwa wataalamu bora duniani na mtoto akaambulia kuona mwanga tu.

Mratibu ananionyesha saa. Nigusie watoto wengine, waliozaliwa kwa wakati wao.

Weupe ndani ya mboni, kwa mtoto wa umri wowote, ni wa kupelekwa wiki hiyo hiyo. Unaweza kuwa mtoto wa jicho. Jina limetupotosha: watu hudhani ni ugonjwa wa wazee, kumbe kichanga huzaliwa nao. Mzee wa miaka 70 akisubiri mwaka, akipasuliwa anaona. Kichanga akisubiri mwaka, tunapasua vizuri, tunaweka lensi au miwani, na bado haoni sawasawa, kwani ubongo haukufundishwa kuona. Kichanga anatakiwa apasuliwe ndani ya miezi miwili ya kwanza hivi. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya jicho. Kwanza mama huona jicho linang'aa kama la paka gizani, au kwenye picha ya simu jicho moja linatoka jekundu na jingine jeupe. Tukiiwahi, mtoto anaishi, na mara nyingine jicho nalo linabaki. Tukimpokea jicho likiwa limechomoza nje, tunapigania uhai peke yake. Mama akisema ameona kitu, muuguzi, usimwambie ni mwanga. Chukua taa.

Makengeza si urembo wala bahati. Yakiendelea baada ya miezi minne, leteni.

Na bibi yangu pale ameuliza, nilipokuwa naingia, kama maziwa ya mama yanatibu macho ya kichanga yanayotoa usaha. Hapana, bibi. Maziwa ni ya kinywani. Usaha wa siku za mwanzo waweza kuwa wa kisonono alichokipata njiani akizaliwa, nao hutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache. Huyo ni wa sindano, leo. Kinga yake ni dawa anayotiwa na mkunga saa ile ile ya kuzaliwa. Jirani zetu wa Kenya, hospitali ya Kikuyu, walijaribu matone ya povidone-ayodini, dawa ya kuua vijidudu, kwa watoto 3,117, majibu yakatoka 1995: yalikinga vizuri kuliko dawa za zamani na ni ya bei nafuu. Utafiti wa nyumbani huo, si wa kuletewa.

Nimemaliza, karibu maswali. Lakini kwanza, dada yangu pale nyuma, mwenye mtoto kifuani. Huyo alizaliwa wiki ya ngapi? Ya 30. Tarehe? Kumi na tisa Oktoba. Leo ni siku 29. Kadi unayo? Imeandikwa macho? Haya, usiondoke, na usimnyonyeshe kwanza, asije akatapika. Chumba changu ni cha pili kulia ukitoka. Muuguzi atatia matone sasa hivi, na mboni zikipanuka nitakuwa nimeshajibu maswali ya hawa.