Minde Anakufa kwa Kesi ya Nguruwe

(Mhadhara uliotolewa kwa wakulima, wanafunzi na viongozi wa vijiji wilayani Rungwe)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, kina mama, maofisa ugani, na ninyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: ndaga fijo kwa kunikaribisha.

Najua baadhi yenu mmekuja mkitegemea kusikia habari za kipunji. Kila mgeni anayepanda Rungwe na mkoba wa kompyuta mgongoni anazungumzia kipunji. Si vibaya. Kima huyo ameitangaza wilaya hii duniani tangu mwaka 2005. Lakini leo nimekuja kumsemea jirani yake wa chini, yule anayepita usiku akiokota matunda yaliyodondoshwa mchana na wakazi wa juu ya mti. Nimekuja kumsemea minde.

Vijana wengi hapa hawajamwona, kwa hiyo nimweleze. Minde ni swala wa msituni, wa jamii moja na funo na ndimba mnaowafahamu, ila yeye ndiye pande la mtu katika ukoo huo: bega lake linafika kama sentimita 65 kutoka ardhini, na mkubwa ana uzito wa kilo 50 na zaidi. Manyoya yake ni ya kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na utosini kati ya pembe mbili fupi ana kishungi chekundu. Ukimwona mara moja humsahau. Tatizo ni kumwona.

Wataalamu wa Magharibi walimwandika rasmi mwaka 1890, pale Mmarekani Frederick True alipochunguza vielelezo ambavyo mwenzake, William Louis Abbott, alivikusanya Kilimanjaro. Baada ya hapo ilipita zaidi ya karne moja kabla ya mtu yeyote kumpiga picha akiwa hai porini. Picha hiyo ilipatikana mwaka 2003 katika milima ya Udzungwa, kwa kamera ya kutega, ile inayofungwa kwenye mti usawa wa goti na kujipiga yenyewe mnyama anapopita. Wazee wa vijiji vya kandokando ya misitu walikuwa wakimjua muda wote huo, na hata ladha ya nyama yake waliijua, lakini hakuna aliyekuja kuwauliza.

Minde hayupo nchi nyingine yoyote. Ni wa Tanzania peke yake, tena si Tanzania yote: yuko katika milima ya Kilimanjaro, Rubeho, Udzungwa, na huku kwetu Rungwe na Livingstone. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka, na makadirio ni kwamba wote kwa jumla huenda hawafiki 1,500. Kumhesabu ni kazi ngumu. Mavi yake yanafanana na ya funo kiasi kwamba hata mzoefu hukosea, ndiyo maana siku hizi watafiti huyapeleka maabara kupimwa vinasaba kabla ya kusema ni ya nani.

Sasa niseme lililonileta. Mimi naamini minde wengi wa milima hii hawafi kwa sababu mtu alimtaka minde. Wanakufa kwa kesi isiyo yao, kesi ya mkulima na nguruwe pori.

Tuangalie mtego wenyewe, maana tukiujua tutaelewana. Shamba la viazi au mahindi limepakana na msitu. Nguruwe ameingia usiku, amefukua matuta kama trekta. Asubuhi mkulima anakata matawi, anajenga kiuzio cha urefu wa goti kandokando ya msitu, na kila baada ya hatua kadhaa anaacha kijilango. Katika kila kijilango anaweka kitanzi cha waya wa breki ya pikipiki, anaufunga kwenye mti mchanga uliopindwa, na chini anaweka kijiti cha kufyatulia. Gharama yake haifiki bei ya soda, na kazi hiyo inaisha asubuhi moja. Mtego hauna macho. Haujui mguu wa nguruwe na mguu wa minde. Minde ana tabia ya kupita njia zilezile kila siku, na uzio ukimkinga haruki, anaufuata mpaka aone upenyo. Upenyo ndio wenye waya.

Halafu kuna hesabu ambayo ningependa kila mkulima aondoke nayo. Nguruwe jike huzaa watoto watatu, wanne, mara nyingine zaidi. Minde huzaa mmoja. Ukitega mwaka mzima na kunasa idadi sawa ya hawa wawili, nguruwe watajaza pengo lao na minde hawatajaza. Tena dume kubwa la nguruwe lina nguvu za kukata waya na kuondoka nao, minde hana. Kwa hiyo mtego uleule uliowekwa kulinda viazi unammaliza asiyekula viazi na kumbakiza anayevila. Na pale chui alipopungua, nguruwe ndiye mnufaika wa kwanza. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini hapa hata huo ugomvi wenyewe mkulima hajaushinda.

Ndiyo maana sipendi mikutano ya uhifadhi inayoanza kwa kuwaambia watu "pendeni wanyama". Mtu aliyekopa mbolea na kukuta matuta yamefukuliwa hawezi kuhubiriwa mapenzi. Tuzungumze nguruwe kwanza, na tukimaliza nguruwe tutakuwa tumeshazungumza nusu ya habari ya minde.

Njia mojawapo ni kuchagua cha kupanda mpakani. Nguruwe hali majani ya chai. Wenzetu wa Kenya walianzisha mwaka 1986 mikanda ya chai kuzunguka misitu yao ya milimani, wakaiita Nyayo Tea Zones. Lengo lao hasa lilikuwa kuzuia watu wasiendelee kuusogelea msitu, lakini somo linatufaa: zao lisiloliwa likikaa mpakani, linaloliwa linabaki mbali na msitu, na mnyama analazimika kuvuka eneo la wazi lenye watu ili alifikie. Rungwe ni nchi ya chai, utaalamu mnao. Nitakuwa mkweli pia: chai haitastawi kila mahali. Ukipanda kuelekea Isongole baridi inakuwa kali, huko ni viazi na pareto. Pareto basi, mimi sijaona nguruwe akila pareto. Na viwanda vya chai navyo vinakausha majani kwa kuni, kwa hiyo chai isiyo na shamba la miti nyuma yake inahamisha mzigo tu, inautoa kwa nguruwe na kuutwika msitu.

Njia nyingine ni ulinzi wa zamu. Nguruwe anaingia usiku, na shamba la mtu mmoja mmoja halilindiki. Mkeo analala kibandani leo, kesho anaumwa, nguruwe anaingia. Mashamba kumi yaliyopakana yakiwa na zamu moja, na mbwa waliofungwa wanaobweka, mambo hubadilika. Nimesema mbwa waliofungwa. Mbwa anayeachwa kuzurura msituni ni mwindaji wa minde kuliko bunduki, na mbwa asiyechanjwa anapeleka magonjwa huko na kuyarudisha nyumbani.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimkatazi mtu kutetea uhai na mali yake, ila ina utaratibu wake, na utaratibu unaanzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kuhusu fidia nisiwadanganye. Kile kinachoitwa kifuta jasho na kifuta machozi, kwa kanuni za mwaka 2011, kiliwekwa kwa ajili ya wanyama hatari, na mawazo ya walioziandika yalikuwa kwa tembo, simba na wenzao. Mwenye viazi vilivyofukuliwa na nguruwe asikae akisubiri fedha hiyo. Mimi ningependa kanuni hizo zirudiwe, zimtazame pia mkulima wa mlimani ambaye hasara yake ni ndogo ndogo lakini ya kila wiki.

Sitaki mwondoke mkidhani namsafisha kila mtu. Wapo wanaoingia msituni kwa nyama tu, na mitego yao haiko kando ya shamba, iko ndani kabisa kwenye mianzi, kilomita nyingi kutoka tuta la mwisho la viazi. Mnawajua. Wengine wako hapa, na hatutajani majina. Hao hawahitaji chai wala pareto. Dawa ya hao ni doria, na doria inayofaa ni ile yenye vijana wa kijiji wanaozijua njia. Kamera zilizotegwa Udzungwa zimeonyesha tofauti kubwa kati ya msitu wenye askari na doria, kama Mwanihana ndani ya hifadhi ya taifa, na msitu wa Uzungwa Scarp ulioachwa muda mrefu bila ulinzi wa maana. Miti inafanana, mvua inafanana. Wanyama hawafanani.

Udzungwa ina somo la pili, la kuni. Baada ya hifadhi ya taifa kuanzishwa mwaka 1992, wanavijiji wa upande wa Kilombero waliendelea kuruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Uhifadhi una hoja yake: anayeingia kuokota kuni si rahisi kumtofautisha na anayeingia kukagua mitego. Lakini muulize mama wa Mang'ula hoja hiyo ilimaanisha nini jikoni kwake. Kilimanjaro walijaribu njia tofauti zamani sana: mwaka 1941 ukanda wa nusu maili kandokando ya msitu ulitengwa kwa mahitaji ya Wachaga, kuni, mbao na majani ya mifugo. Wazo lilikuwa zuri. Kilichokuja kuushinda ni wingi wa watu na usimamizi uliobadilika mikono, na mwaka 2005 msitu wote wa akiba ukaingizwa ndani ya hifadhi ya taifa. Mimi nikitazama pande zote mbili naona jambo moja: miti ya kuni ipandwe shambani kwanza, ikomae, ndipo lango lifungwe. Mgrevilea mpakani mwa shamba unafaa kuanza kupunguzwa matawi kabla mtoto aliyezaliwa mwaka ulipopandwa hajamaliza shule ya msingi. Ukifunga lango kwanza na kugawa miche baadaye, hiyo miaka ya katikati watu watapika na nini?

Huku kwetu msitu wa mlima Rungwe ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009, na Livingstone imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo tangu 2005. Kati ya misitu hiyo miwili kuna shingo nyembamba, Bujingijila, iliyoliwa na mashamba na ukataji kwa miaka mingi. Minde wa upande mmoja akishindwa kumfikia wa upande wa pili, wataoana ndugu kwa ndugu mpaka waishe hata kama hakuna mtego hata mmoja. Miti ya asili imekuwa ikipandwa pale. Wenye mashamba yanayogusa shingo hiyo ni watu wachache sana, na uhai wa minde wa milima miwili umewategemea wao kuliko mtu yeyote aliyeko Dodoma. Kama kuna mahali pa kuanza na mkanda wa pareto na zamu za usiku, ni hapo.

Kabla ya maswali, nigusie hoja ya maji, maana najua mwenyekiti angependa niiseme. Sitawaambia kwamba minde akiisha mto Kiwira utakauka. Maji yanatunzwa na msitu. Minde anafanya kazi ndogo ndani ya msitu huo, anameza matunda na kutema mbegu mbali na mti mama, na kazi hiyo ni ya kweli, lakini mtu akiwatishia kwa ukame ili mmpende minde anawachukulia kama watoto. Minde anastahili kuishi kwa sababu yupo, na yupo hapa tu.

Maswali.

Kijana wa kidato cha nne ameuliza kwa nini tusimfuge kama mbuzi. Mnyama huyu ana hofu kali, anaishi peke yake, anazaa mmoja, na chakula chake ni matunda ya msitu na machipukizi. Hata kibali cha kumshika hutakipata kirahisi. Fuga mbuzi, mwanangu.

Mama wa kule juu ameuliza, pareto bei ikianguka je? Ni swali la haki, na ndiyo sababu sijamwambia mtu ang'oe viazi. Nimesema mistari ya mpakani tu. Viazi virudi nyuma, shamba libaki lako lote.

Na mzee aliyekaa dirishani ameuliza: nikimkuta minde hai mtegoni nifanye nini? Asante, mzee. Kwanza piga simu kwa askari wa msitu kabla hujamgusa, na watu wasimzunguke wakipiga kelele, kwa sababu anaweza kufa kwa hofu tu. Kama hakuna anayeweza kufika, muwe watu wazima wawili au zaidi. Mfunikeni macho kwa koti au kanga. Akiwa gizani hutulia. Mmoja ashike miguu, maana kwato zake zinachana. Mwingine akate waya karibu kabisa na kitanzi, ahakikishe hakuna kipande kilichobaki mguuni. Akienda na waya, waya huo utaendelea kumkata mpaka mguu uoze. Kisha mwachieni akiwa ameelekezwa msituni, ninyi mkiwa upande wa shamba. Na huo waya usiutupe pale, uviringe uje nao kwa mtendaji.