Jina la Kim na Wale Waliolichagua

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kufika.

Nianze na hesabu. Sensa ya Korea Kusini ya mwaka 2015 ilikuta watu wapatao milioni 10.7 wenye jina la ukoo la Kim, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Ukiwajumlisha na akina Lee na Park, unakaribia nusu ya taifa. Majina matatu tu! Mgeni akisikia hivyo huuliza: je, wote hawa ni ndugu?

Hapana. Wakorea wenyewe hawaishii kwenye jina. Huulizana *bon-gwan*, yaani mahali ukoo ulikochimbuka. Akina Kim wa Gimhae, ambao peke yao wanapita milioni nne, humtaja babu yao Suro, mfalme wa dola ya kale ya Gaya, ambaye masimulizi yanasema alitoka katika yai la dhahabu lililoshuka kutoka mbinguni. Akina Kim wa Gyeongju wana babu mwingine, Alji, mtoto aliyekutwa msituni ndani ya kasha la dhahabu, na jogoo mweupe akiwika karibu yake. Uzao wake uliutawala ufalme wa kale wa Silla kwa karne nyingi. Na herufi ya Kichina inayoandika Kim maana yake ni dhahabu.

Hizo ni hadithi, lakini juu yake ilichorwa mipaka mikali. Sheria ilikataza watu wa jina moja na chimbuko moja kuoana, hata kama undugu wao ulikuwa wa vizazi thelathini nyuma. Waliopendana waliishi bila cheti cha ndoa, na watoto wao wakabeba mzigo huo. Mwaka 1997 Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba katazo hilo linapingana na katiba. Sheria ikarekebishwa mwaka 2005.

Sasa jambo lililonileta hapa. Wingi wa akina Kim hauelezwi na wafalme kuzaa sana. Zamani jina la ukoo lilikuwa la watawala na makabaila. Katika enzi ya Joseon, ufalme uliotawala Korea hadi mwisho wa karne ya 19, watumwa, *nobi*, wengi wao hawakuwa nalo. Baadaye wenye fedha wakaanza kujipenyeza: mtu alilipa ili aandikwe katika *jokbo*, kitabu cha nasaba cha ukoo wenye hadhi. Mageuzi ya 1894 yakafuta matabaka na utumwa, kisha sheria ya usajili ya mwaka 1909 ikataka kila mtu awe na jina la ukoo. Hebu mfikirieni mtu aliyewahi kuhesabiwa kama mali ya mwingine, sasa karani anamuuliza: ukoo wako nani? Wengi walichagua majina yenye heshima. Wengine walichukua la bwana wao wa zamani.

Wapo wanaoliita hilo udanganyifu wa nasaba. Mimi sikubali. Aliyenyimwa jina kwa vizazi hakumwibia mtu alipojipa moja.

Na uchaguzi huo haujaisha. Sensa hiyohiyo ya 2015 ilihesabu majina ya ukoo zaidi ya elfu tano, mengi yakiwa ya wageni waliopata uraia. Wao pia wanaweza kwenda mahakamani kuomba jina la ukoo la Kikorea pamoja na chimbuko jipya. Wapo wanaoandika Kim, na mahali pa chimbuko wanaandika mji wanakoishi sasa.