Ndugu yenu wa Uingereza hawadanganyi: ni ile BR kwenye salari slipu

Wapendwa, hamjambo? Karibuni tena. Leo hakuna matembezi wala maghorofa, leo ni makato. Nyie mlioko nyumbani mnanitumia meseji za aina moja: "Dada, mdogo wangu kaanza kazi huko Uingereza, anasema mshahara umekatwa vibaya mno, hivi anatuzuga?" Jamani, hawazugi. Mwambieni afungue salari slipu atafute msimbo wa kodi, ile namba fupi yenye herufi. Jibu liko hapo.

Mwenye kazi moja tu, kwa kawaida anatakiwa kuona 1257L. Yaani pauni 12,570 kwa mwaka hazikatwi kodi ya mapato. Zinazozidi hapo zinakatwa asilimia 20, na ukivuka 50,270 unaingia asilimia 40. Wa Scotland viwango vyenu ni vingine, ndiyo maana msimbo wenu unaanza na S.

Sasa mgeni anafungua slipu anakuta BR. Hiyo haina msamaha hata wa peni moja, asilimia 20 inaanza kwenye pauni ya kwanza. Tuseme analipwa 1,800 kwa mwezi. Kwa 1257L kodi yake ni kama pauni 150. Kwa BR ni 360. Pauni 210 hizo, kila mwezi! Na bima ya taifa bado, ila hayo ni makato mengine kabisa, msiyachanganye na haya.

BR inatoka wapi? Mara nyingi ni ile fomu ya mfanyakazi mpya, yenye A, B na C. Watu wanaijaza wamesimama, koti mkononi, wanaweka tiki popote. C maana yake una kazi nyingine au pensheni, kwa hiyo mwajiri anakupa BR, na kwa mujibu wa fomu yuko sahihi. Kama hii ndiyo kazi yako ya kwanza tangu tarehe 6 Aprili, mwaka wao wa kodi unapoanza, na hujapokea pensheni wala posho za serikali, yako ni A. Usipojaza kabisa unapewa 0T, nayo haina msamaha.

Na A ina utamu wake. Msamaha unajilimbikiza tangu Aprili hata kama wewe umetua Oktoba, kwa hiyo mishahara ya mwanzo inaweza isikatwe kodi ya mapato kabisa. Ila ukiona M1 au W1 mwishoni mwa msimbo, ulimbikizaji huo umezimwa, kila mwezi au wiki inahesabiwa peke yake.

Kurekebisha ni bure. Fungua akaunti yako ya kodi kwenye tovuti ya serikali au programu ya HMRC, ambayo ndiyo mamlaka ya kodi ya huku, weka kazi zako sawasawa. Msimbo ukibadilishwa kabla mwaka wa kodi haujaisha, hela uliyozidishiwa inarudi kupitia mshahara wenyewe. Mwaka ukishaisha, subiri barua ya P800, ile ya HMRC inayokuonyesha kodi uliyozidishiwa, zinaanza kutoka Juni, au idai mwenyewe. Umeacha kazi na hutarajii kuanza nyingine hivi karibuni? Fomu ya kudai ni P50. Unarudi nyumbani moja kwa moja? P85, na P45, ile karatasi uliyopewa na mwajiri ulipoacha kazi, uwe nayo. Jamani, P45 na P60, ile ya muhtasari wa mshahara na kodi ya mwaka mzima, msizifungie vitumbua!

Wale mawakala wa "tukurudishie kodi yako" mimi siwapendi, niseme ukweli. Wanamega fungu nono kwa kujaza fomu ambayo ungeijaza ukiwa kwenye basi. Na meseji yenye linki inayosema umerudishiwa pauni kadhaa, bonyeza hapa, ni matapeli. HMRC hawatangazi marejesho kwa meseji.

Miaka ya nyuma pia inadaiwa, hadi minne tangu mwaka husika wa kodi ulipoisha. Ule ulioishia Aprili 2023, mwisho wake ni tarehe 5 Aprili 2027. Kwa hiyo mama uliyeko Morogoro, mwanao akisema hela bado haijakaa sawa, muulize kwanza: msimbo wako unasomekaje?