Kadi ya Sala ya Mtakatifu Kizito: Tuitengeneze kwa Mikono Yetu

Tumsifu Yesu Kristo! Karibuni sana, wapendwa. Leo tunatengeneza kadi ya sala ya Mtakatifu Kizito, yule mtoto shahidi aliyeuawa Namugongo, Uganda, kwa ajili ya imani yake. Mimi nafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, parokiani kwetu, na kila ikikaribia tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda, tunakaa kivulini na mikasi yetu tukaitengeneza pamoja. Safari hii nimesema nanyi mkae nasi.

Vitu ni hivi hapa mezani. Karatasi moja ya manila nyeupe, inatosha kadi nyingi. Rula, penseli, mkasi, gundi nyeupe, kalamu ya wino ya kawaida, uzi mwekundu, na rangi nyekundu ya maji. Kama una kidau cha wino mwekundu wa muhuri, ni kizuri zaidi.

Halafu kuna hiki. Ni jani la Jumapili ya Matawi, lile lililobarikiwa na kukaa nyuma ya msalaba ukutani. Nalisogeza karibu mlione: limekauka, limekuwa na rangi ya asali, na ukilikunja kwa haraka linakatika. Tutachukua ukanda mmoja tu. Linalobaki usilitupe. Lirudishe nyuma ya msalaba mpaka parokia ikusanye matawi ya kuchoma kwa ajili ya Jumatano ya Majivu.

Tuanze. Pima sentimita 14 kwa 10, kata, kisha kunja katikati. Unapata kijitabu cha sentimita 7 kwa 10, kinaingia vizuri ndani ya Misale, kile kitabu cha sala za Misa, au kitabu cha nyimbo. Pitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo ili ulale.

Sasa mbele tunaweka nini? Watoto huniuliza kila mwaka, "Mwalimu, Kizito alikuwa na sura gani?" Nami nawaambia sura tuiache, tuweke vidole. Naomba niwaeleze kwa nini, maana hapa ndipo ilipo kadi yenyewe.

Kizito alikuwa na miaka kama 14, mdogo kuliko wenzake wote, akitumika katika ikulu ya Kabaka, yaani mfalme, Mwanga wa Buganda. Aliyewasimamia alikuwa Karoli Lwanga, aliyeshika nafasi ya Yosefu Mukasa Balikuddembe baada ya Mukasa kuuawa Novemba 1885. Karoli aliwakinga wale wadogo na matakwa machafu ya mfalme, na huku akiwafundisha dini kwa siri. Usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, pale Munyonyo, kwenye ikulu ya Kabaka, walijua kesho si salama. Padre hakuwapo. Karoli akawabatiza yeye mwenyewe waliokuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa: Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Husimuliwa kwamba Kizito alikuwa na hofu, na Karoli akamwahidi kumshika mkono saa itakapofika. Kulipokucha Kabaka akaamuru wanaosali wajitenge upande mmoja. Wakajitenga, mkubwa na mdogo wakiwa wameshikana mikono.

Basi kadi yetu ina alama mbili za dole gumba: moja ya mtu mzima na moja ya mtoto, zikigusana. Bibi zetu ambao hawakujua kuandika walitia sahihi hivyo hivyo, na dole gumba lilikuwa neno lao.

Tazama ninavyofanya. Nagusa rangi kidogo sana, kisha nabonyeza kwanza kwenye karatasi chakavu, mara moja. Mwaka wetu wa kwanza hatukufanya hivyo. Tulichovya vidole kama tunachovya ugali, kadi nzima ikawa madoa mekundu, na binti mmoja alilia. Baada ya karatasi chakavu, ndipo unabonyeza kwenye kadi, sehemu ya chini katikati. Bonyeza wima, usisugue, inua. Umeona? Mistari ya kidole inaonekana mmoja mmoja, kama mawimbi. Sasa njoo mwanangu, lete kidole chako. Hapo hapo pembeni ya changu. Vizuri. Kama uko peke yako, tumia gumba na kidole cha mwisho. Nyekundu ni rangi ya mashahidi, na siku yao padre huvaa nyekundu.

Subiri ikauke. Chana ukanda wa jani wenye upana wa njiti ya kiberiti na urefu wa sentimita 6, upake gundi nyembamba kwa nyuma, uulaze juu ya vidole ukiwa umeinama kidogo. Shahidi huchorwa na tawi la mtende, na Ufunuo 7:9 unatuonyesha umati mkubwa umevaa mavazi meupe, matawi ya mitende mikononi.

Fungua ndani. Kushoto andika: Mtakatifu Kizito, Namugongo, Juni 3, 1886. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana. Walifungwa ndani ya mikeka ya matete wakalazwa juu ya kuni, Wakatoliki na ndugu zao Waanglikana kwa pamoja. Kwa watoto wadogo, hapo panatosha, usiwaelezee moto. Chini yake andika: Alitangazwa mtakatifu na Papa Paulo VI, Oktoba 18, 1964, pamoja na wenzake 21.

Kulia inakaa sala. Hii nimeitunga kwa ajili ya nyumbani, unaweza kuinakili au ukaandika yako:

Mtakatifu Kizito,
ulibatizwa usiku, ukasimama asubuhi.
Utuombee sisi tunaoogopa kusimama peke yetu.
Utuombee kwa Bwana atujalie mtu wa kutushika mkono,
na sisi tuwe tayari kumshika mwenzetu.
Amina.

Ukitaka kuchapa nyingi na kugawa kanisani, mwonyeshe kwanza paroko. Na jamani, kadi hii si hirizi. Usiishonee kwenye nguo ya mtoto ukadhani itamkinga yenyewe. Keti naye msali, muombe Kizito awaombee.

Tunamalizia. Pitisha uzi mwekundu kwenye mkunjo, funga fundo kwa nje, acha mkia wa sentimita 10 uwe alama ya ukurasa. Weka kadi katikati ya karatasi mbili nyeupe, si gazeti maana wino wake unahamia, kisha uilaze chini ya kitabu kizito usiku mmoja. Jumapili baada ya Misa mpelekee padre aibariki.

Kuna sehemu moja tumeiacha wazi: nyuma. Hapo, kwa penseli, andika jina la mtu mmoja ambaye mwaka huu anahitaji kushikwa mkono. Mgonjwa, mtoto aliyeacha shule, jirani aliyefiwa. Jina moja tu. Kila ukiifungua kadi, anza na jina hilo kabla ya sala. La kwangu nimeshaliandika, naifunga hivi.