Mlezi Aulize, Mwanagenzi Aandike

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Waandishi chipukizi huniuliza mara kwa mara: nitampata wapi wa kunilea katika uandishi? Naijua kiu hiyo, nami niliwahi kuwa nayo.

Nikiwa mwanagenzi, nilimpelekea mtu niliyemheshimu mswada wa hadithi yangu. Akanirudishia ameuandika upya karibu wote. Ulipendeza, kweli. Ila nilipokaa kuandika hadithi iliyofuata, mkono ukagoma. Nilikuwa nazisubiri sentensi zake. Ilinichukua muda mrefu kuisikia tena sauti yangu.

Sasa mtazameni mwandishi Gustave Flaubert wa Ufaransa na kijana aliyemlea katika uandishi, Guy de Maupassant. Kwa miaka 7 kijana alimpelekea mashairi, hadithi, hata tamthilia. Mzee alisoma vyote, akakosoa, kisha akampa kazi: mwangalie mwenye duka aliyeketi mlangoni pake, umweleze hata nisiweze kumchanganya na mwenye duka mwingine yeyote. Nionyeshe, kwa neno moja tu, farasi huyu wa kukokota gari anavyotofautiana na wenzake 50. Neno lenyewe hakumpa. Alimnoa jicho, neno akamwachia alitafute. Wala hakumharakisha kuchapisha. Hadithi iliyompatia kijana jina ilitoka mwaka 1880, mwaka uleule aliofariki mwalimu wake. Miaka 7! Nawaombeni mkae na hesabu hiyo, hasa ninyi mnaotaka kitabu kabla mwaka haujaisha.

Upo pia ulezi wa muda mfupi, wa kufungua mlango. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, Ngugi wa Thiong'o, bado mwanafunzi, alimkabidhi Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, mswada wa riwaya. Achebe akausoma, na mwaka 1964 riwaya ikachapishwa. Wengi husimulia ukarimu wa Achebe, na ni haki yake. Mimi hushikwa zaidi na ule mswada: kijana alikuwa ameshaandika kabla hajajua nani atamsomea.

Basi ukipata wa kukusomea, usimwendee mikono mitupu. Mpelekee kurasa 5 na swali moja: ni wapi ulipochoka kusoma? Akikuandikia sentensi yake pembeni, mshukuru, uielewe ilikusudia kuziba pengo gani, kisha ifute uandike ya kwako palepale.