Mnaoniuliza "dada, nije Berlin nifungue kampuni?", jibu langu ni hili

Hamjambo nyumbani. Leo mtanivumilia, nimetoka kazini muda huu na hata koti sijavua. Nimekaa hapa kwa sababu ya swali moja tu. Kila nikiweka video, hata ile niliyokuwa nasonga ugali wa dona, lazima mtu aje aandike: "Dada, upo Berlin, unafanya kazi kampuni ya teknolojia, huko intaneti si inapaa? Na mimi nina wazo la programu ya simu. Nije nifungue kampuni huko?"

Nimekuwa nalikwepa swali hili, maana nawajua. Nikisema kazi ipo na mshahara unaingia, mtasema dada anaringa. Nikisema kuna tabu, mtaniambia "rudi basi utuachie sisi hiyo nafasi". Kuna kaka mmoja aliniandikia hivyo hivyo, na alama tatu za kucheka. Kaka, nilikuona.

Kwa hiyo naongea yangu mimi. Mwenzangu anayeishi Munich anaweza kuwaambia mengine kabisa, na yote yakawa kweli.

Tuanze na hiyo intaneti inayopaa. Nilipohamia chumba hiki nilisaini mkataba wa intaneti ya nyumbani wa miezi 24. Miaka miwili! Nyumbani naunga bando la wiki, nikiona halinifai wiki ijayo nahamia mtandao mwingine, hakuna anayenidai. Huku euro 39 na senti 99 zinakatwa benki kila mwezi, umetumia hukutumia. Sheria ilipunguza makali Desemba 2021: ile miaka miwili ya mwanzo ikiisha, unaweza kuondoka kwa taarifa ya mwezi mmoja. Zamani ukisahau kuandika barua ya kuvunja mkataba, ulikuwa unajifunga mwaka mwingine.

Sasa mkataba nimesaini, intaneti yenyewe haipo. Nikatumiwa barua, ya karatasi, kwenye bahasha, kuwa fundi atakuja siku fulani kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa. Choo naenda mbio mbio nisije nikaikosa kengele. Saa saba na nusu nikashuka chini nikakuta kikaratasi kwenye sanduku langu la barua: tulifika, hatukukukuta.

Jamani, nilikuwepo! Nilikaa kwenye kiti kile pale mnachokiona nyuma yangu.

Kumbe nyumba nyingi za huku vyumba havina namba. Pale mlango wa chini kuna safu ya vitufe vya kengele, kila kimoja kina jina la familia. Kengele yangu ilikuwa bado na jina la mpangaji aliyeondoka. Fundi katafuta jina langu, hakuliona, kajiendea. Miadi mingine ikapangwa baada ya wiki tatu. Wiki tatu natumia bando la simu kufanya kazi ya ofisi, lile bando nalo bei yake tusiizungumzie. Jioni ile ile nilichukua plasta ya kidonda, nikaandika jina langu kwa kalamu ya wino, nikaibandika juu ya lile jina la mwenzangu. Ipo mpaka leo. Mvua imeshaifuta herufi mbili, na mtu wa posta ananiita kwa jina ambalo si langu.

Na fundi alipofika hakuleta faiba, ile nyaya ya kioo inayopitisha mwanga. Alinichomekea waya kwenye tundu la televisheni, kwa sababu jengo letu intaneti inapita kwenye waya wa shaba wa televisheni. Mzee mmoja wa ofisini kwetu ndiye aliyenieleza chimbuko lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Kansela Schmidt ilikuwa na mpango wa kuanza kutandaza faiba nchi nzima. Akaja Kansela Kohl, mwaka 1982, serikali yake ikaweka nguvu kwenye nyaya za shaba ili watu wapate stesheni nyingi za televisheni. Ile shaba ndiyo tunayobanana nayo humu. Kushusha sinema, sawa, inashuka. Kupandisha video kama hii, ndipo mnaponiona nachelewa. Na tukiwa wengi kwenye jengo jioni, kasi inagawanywa kama maji ya bomba la mtaa.

Halafu pesa. Hapa ndipo mtakaposema naongopa. Duka la mkate hapa chini kwangu lina kibao mlangoni: kadi kuanzia euro 10. Mkate mmoja unanunua kwa sarafu. Benki Kuu ya Ujerumani ilichunguza malipo ya watu mwaka 2023 ikakuta zaidi kidogo ya nusu bado yanafanywa kwa noti na sarafu. Mama yangu Tanga ananunua dagaa kwa lipa namba! M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia kwetu Tanzania 2008, leo muuza mihogo ana namba kaibandika kwenye mwavuli. Mimi wiki yangu ya kwanza huku nilisimama mbele ya duka la kebabu nimeshika simu kama mshamba, namuuliza nalipaje, ananionyesha mashine ya kutolea pesa ng'ambo ya barabara. Ikanikata karibu euro tano kwa kutoa euro ishirini.

Sisemi nyumbani ni peponi, msinigeuzie maneno. Tarehe 12 Mei 2024, nakumbuka kwa sababu ilikuwa Jumapili ya Siku ya Mama. Nampigia mama WhatsApp, inaita haiunganishi. Nikadhani bando limemwishia, kumbe nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika upande wa Afrika Kusini na Tanzania nzima inahangaika. Nikampigia simu ya kawaida, kwa dakika zile za bei ya dhahabu. Alichoniuliza yeye: "Mbona leo uso wako hauonekani, unaumwa?"

Haya, kampuni changa. Sifa Berlin inazo, tusiibanie. Zalando ya nguo ilianza hapa mwaka 2008, N26 ya benki ya simu mwaka 2013. Na wale ndugu watatu wa Samwer na Rocket Internet yao ya mwaka 2007, ambao mtindo wao ulikuwa kutazama biashara gani imeshika Marekani, kisha wanaitengeneza ya kwao haraka na kuipeleka nchi nyingine. Hao mnawajua, hata kama majina hamyajui. Jumia, lile duka la mtandaoni, ilitoka kwenye mikono yao. Mliokuwa mnaagiza viatu Jumia Dar, kampuni mama ilikuwa imesajiliwa hapa Berlin. Aprili 2019 ikaingia soko la hisa la New York ikijiita kampuni ya Kiafrika, watu wakabishana mno juu ya hilo jina, na Novemba mwaka huo huo ikafunga Tanzania. Kwa hiyo mkiniambia "kampuni za Berlin", mimi kwanza nakumbuka shangazi yangu wa Sinza aliyekuwa amezoea kuagiza sufuria huko, asubuhi moja akaambiwa basi.

Na hapa napo zinakufa. Nilipofika mji ulikuwa umejaa vijana wa baiskeli wenye nguo nyeusi, wa kampuni ya Gorillas, wanakuletea maziwa ndani ya dakika kumi. Ilianza 2020, Machi 2021 ikathaminiwa zaidi ya dola bilioni moja. Hata mwaka haujatimia! Kiangazi kile kile waendesha baiskeli wakagoma kwa ajili ya mishahara na mazingira ya kazi. Desemba 2022 ikanunuliwa na Getir ya Uturuki, na mwaka 2024 Getir nayo ikatangaza kuondoka Ujerumani. Pale palipokuwa na ghala lao mtaani kwangu sasa panauzwa magodoro. Mnaponitumia picha ya mtu amekaa na kompyuta kwenye mkahawa mmeandika "maisha ya Berlin", mimi nawakumbuka wale vijana. Wengi walikuwa wageni kama sisi, na kibali cha mtu kuishi huku kinategemea mkataba wa kazi.

Sasa niwaeleze yangu, kwa sababu wengi hamjui kwamba nilijaribu. Mimi na mwenzangu wa ofisini, Mjerumani, tulikuwa na wazo la programu ya kutafuta wasusi. Huku msusi wa rasta anapatikana kwa kuulizana: nani anamjua nani, yupo mtaa gani, anachukua shilingi ngapi. Mnaona, bado nasema shilingi. Wazo zuri, na mpaka leo naamini ni zuri.

Kampuni kamili ya huku, GmbH, inataka mtaji wa euro 25,000, na 12,500 ziwe zimeshawekwa kabla hujaandikishwa. Hatuna. Ipo ndogo yake, UG, unaweza kuanza hata na euro moja. Msishangilie. Euro moja ni mtaji tu, gharama ziko palepale. Lazima mwende kwa mthibitishaji, yule mwanasheria wa mihuri, na kisheria anatakiwa awasomee hati yote kwa sauti. Yote! Tangu Agosti 2022 inaruhusiwa kufanya kwa video, ila sisi tulienda kwa miguu yetu. Akaniuliza maswali mawili kwa Kijerumani, akaona nababaika, akasema huyu lazima awe na mkalimani. Mkalimani tunamlipa sisi. Basi tukakaa, yule anasoma kwa kasi kama anahesabu mashindano, yule mwingine ananitafsiria, mimi natikisa kichwa. Kifungu cha nani atarithi hisa zangu nikifa kilisomwa mara mbili.

Tukafungua akaunti ya benki, wiki zikapita. Jina likaingia kwenye daftari la biashara, na daftari hilo liko wazi, kila mtu anaweza kulisoma. Ndipo zikaanza kumiminika barua. Karatasi nzuri, nembo ya tai, maneno ya kiserikali, "ada ya kuandikishwa", mia kadhaa za euro, namba ya akaunti hapo chini. Nilishafungua programu ya benki, nimeshaandika kiasi. Mwenzangu akanipigia akasema usilipe, hao ni matapeli, wanasoma daftari na kuwatumia wapya wote. Iliyokuwa ya kweli ilikuja baadaye, imechakaa chakaa, haina nembo ya maana, na kiasi chake ni kidogo zaidi. Sasa mtu wa kutoka Tanga atajuaje? Kwetu tumezoea "tuma kwenye namba hii", hayo tunayashtukia kwa mbali. Ya kwenye bahasha hatujafundishwa.

Lililotuvunja ni kibali. Kibali changu ni cha kuajiriwa. Kujiajiri, hata jioni baada ya kazi, kunataka ruhusa ya pembeni kutoka ofisi ya wageni. Niliomba. Nikasubiri. Nikaandika barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba nisiandike tena kwa sababu kuuliza kunachelewesha. Miezi ikapita, mwenzangu akapata mtoto, wazo likalala. Kampuni tukaifunga, na kuifunga nako ni kwa mthibitishaji yule yule.

Wakati huo huo kila mwezi nalipa euro 18 na senti 36 ya ada ya redio na televisheni. Sina televisheni. Nina tundu tu, lile la fundi. Kila nyumba inalipa, kwa hiyo najua si mimi peke yangu, lakini inaniuma kama peke yangu.

Kwa hiyo nije au nisije? Mpendwa, mimi siwezi kukwambia uuze kiwanja wala usiuze. Kuna niliokuja nao wakapenya, kampuni zao zinatembea, na mmoja anacheka akisikia habari za mkalimani wangu. Kama una mtaji, Kijerumani na moyo wa kusubiri barua, huenda ukanishinda. Kwangu mimi, kama wazo lako ni la watu wanaolipa kwa simu, wateja wako wako hapo ulipo. Mtazameni Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes na NALA yake, programu ya pesa ya simu: ilianza na simu za kwetu, ikahamia kutuma pesa kutoka huku kwenda nyumbani, na Julai 2024 wakapata dola milioni 40 za wawekezaji. Alianza na shida aliyokuwa anaijua. Na mimi ya wasusi naijua, ndiyo maana bado sijaitupa.

Ile Chancenkarte, kadi ya kuja kutafuta kazi, msiniulize. Sikupita njia hiyo, nikisema nitakuwa nabahatisha na hela za mtu.

Ah, na aliyeuliza nakaa wapi: Wedding, sehemu ya hapa Berlin, karibu na mtaa ambao zamani uliitwa kwa jina la Peters, yule yule mkoloni wa Kijerumani Carl Peters mnayemkumbuka kwenye historia ya darasani. Agosti 2024 wakaubadilisha, kipande kimoja sasa ni Maji-Maji-Allee. Hilo kwa kweli nililipenda. Nikiwa kwenye simu na watu wa intaneti nawaelekeza kwa mtaa huo makusudi, niwasikie wakilitamka.

Haya, nianze kuipandisha hii sasa, maana jirani yangu akirudi akawasha mpira, itafika kwenu kesho mchana.