Si kila choo chenye damu ni amiba

Ndugu zangu matabibu, nanyi wa maabara mliotoka Chunya, Rungwe na Makete, hili nimeshalisema sana hapa Mbeya na leo nalirudia: mgonjwa anayehara damu zaidi ya wiki nne haongezewi dozi nyingine ya metronidazo, dawa ya kuua vijidudu vya amiba. Anachunguzwa, maana huenda ana kolaitisi ya vidonda, ugonjwa wa muda mrefu wa utumbo mpana kuvimba na kutoka vidonda.

Tuanze na choo chenyewe, maana hapo ndipo tunapoharibu. Choo cha majimaji kitazamwe ndani ya nusu saa tangu kitoke. Sasa asubuhi ya baridi ya Julai, Uyole, kikopo kimekaa dirishani saa nzima kikingoja zamu. Kimepoa. Amiba ikipoa haitembei tena, inajikusanya duara, na hapo ni rahisi mno kuichanganya na chembe nyeupe kubwa. Fundi anaandika "amiba", kumbe alichokiona ni chembe nyeupe, alama ya utumbo uliovimba! Chota penye makamasi na damu, weka tone la maji ya chumvi ya vuguvugu, uione ikitembea, na ndani yake chembe nyekundu ilizomeza. Ukiona vifuko tu, yaani amiba iliyojifunga ndani ya ganda, usikimbilie kuandika: kuna amiba isiyodhuru ambayo vifuko vyake havitofautiani na vya hii hata kidogo.

Mtaniambia, "Daktari, mbona akimeza dawa anapata nafuu?" Kolaitisi ya vidonda hupanda na kushuka yenyewe. Inatulia miezi, inarudi. Huku nyuma damu inapungua mwilini, na vidonda vinaweza kupanda utumbo mpana kuanzia karibu na njia ya haja kubwa, bila kuruka sehemu.

Wengine wanakimbilia prednisoloni, dawa inayotuliza uvimbe lakini inashusha kinga ya mwili. Jamani, hapana! Mwenye amiba akipewa hiyo, utumbo unaweza kutoboka. Mwenye kifua kikuu cha tumbo, kinasambaa. Na kifua kikuu hupenda mwisho wa utumbo mwembamba, palepale panapopendwa na ugonjwa wa Crohn, ambao nao ni uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, hivyo hata kamera inayoingizwa tumboni hudanganya. Vinyama vya utumbo vikatwe, viende patholojia kuchunguzwa kwa darubini. VVU vipimwe mapema.

Barua ya rufaa iandikwe: anahara tangu lini, mara ngapi kwa siku, uzito uliopungua, kiwango cha damu mwilini, dawa zote alizokwisha kumeza, na kama kuhara kunamwamsha usiku. Hilo la usiku msiliache, maana tumbo la wasiwasi, linalosumbua bila kidonda wala uvimbe, mara chache humtoa mtu usingizini.